Guangzhou: Bila intaneti, simu hailipi

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa, kisha akabakiza siku moja au mbili za kutembelea mji, anaweza kukutana na jambo lisilomtokea nyumbani. Simu ina chaji na kadi ya benki ina fedha, lakini nauli ya teksi hailipiki. Nchini China malipo ya simu hupitia intaneti, na intaneti ya mgeni ambaye hakujiandaa hukatika kwa urahisi.

Tofauti hiyo ni ya msingi. M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya Machi 2007, ilijengwa juu ya laini ya simu yenyewe, hivyo hata mwenye simu ndogo anatuma fedha popote penye mawimbi. Alipay na WeChat Pay, mifumo miwili inayotawala malipo ya simu China, ni programu za simu za kisasa. Muuzaji hubandika msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoti vyeusi na vyeupe. Mteja huuskani, huandika kiasi na kuthibitisha. Pasipo intaneti, msimbo huo wa dukani haufunguki.

Kadi za kigeni na makato yake

Zamani mifumo hiyo ilidai akaunti ya benki ya China. Mlango ulianza kufunguliwa Novemba 2019, na mwaka 2023 ulipanuliwa zaidi kwa wenye kadi za Visa na Mastercard za nchi nyingine. Machi 2024 kiwango cha juu cha muamala mmoja kilipandishwa kutoka dola 1,000 za Marekani hadi 5,000, na cha mwaka mzima kutoka dola 10,000 hadi 50,000.

Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada. Yakizidi hapo, mwenye kadi ya kigeni hukatwa asilimia 3. Chakula cha yuan 360 kwa hiyo huongezeka yuan 10.8, mbali na gharama ya kubadili fedha inayotozwa na benki ya nyumbani. Watu wawili wakilipa yuan 180 kila mmoja, ada hiyo haipo.

Kuna kikwazo kingine. Kadi ya kigeni hulipa maduka yaliyosajiliwa, lakini kwa kawaida haimtumii mtu binafsi fedha. Mchuuzi wa barabarani anayepokea kwa akaunti yake binafsi anaweza kushindwa kulipwa hata kama intaneti ipo.

Laini ipi itumike?

WhatsApp, Gmail, Facebook na ramani za Google zimezuiwa China Bara. Mgeni anayenunua laini ya China Mobile, China Unicom au China Telecom, ambayo husajiliwa kwa pasipoti, hupata bando nafuu lakini huingia ndani ya kizuizi hicho. Anayetumia laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi kwa kawaida huendelea kupata WhatsApp, kwa sababu mawasiliano yake hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani. Gharama yake huwa kubwa zaidi.

Wenye simu ya laini mbili wanaweza kuzitumia zote: ya China kwa intaneti ya malipo na ramani, na ya nyumbani kwa ujumbe mfupi. Laini ya nyumbani haipaswi kuzimwa. Benki hutuma huko namba ya kuthibitisha muamala, na bila namba hiyo kadi inaweza kukataa.

Ndani ya mji

Treni za chini ya ardhi za Guangzhou, ambazo nauli yake huanzia yuan 2, hupandwa kwa kuskani msimbo ulio ndani ya programu hizo. Njia namba 1 humfikisha mgeni kwenye jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894, na kituo cha Huangsha kilicho karibu na kisiwa cha Shamian. Njia namba 3 hufika Canton Tower, mnara wenye urefu wa mita 600. Teksi za Didi huitwa ndani ya Alipay, na programu ya ramani ya Amap hufanya kazi pale ramani za Google zinaposhindwa.

Siku ya matembezi humaliza chaji mapema. Pawabenki hukodishwa madukani, lakini nazo hukodishwa kwa kuskani. Simu iliyokwisha kuzimika haiwezi kujikomboa.

Noti bado ni fedha halali

Benki Kuu ya China hutoza faini wafanyabiashara wanaokataa noti, ingawa wengi hawana chenji. Noti ndogo za yuan 10 na 20 hutosha kwa nauli na chakula cha dharura. Anayeingia China na zaidi ya dola 5,000 taslimu anatakiwa kuzitangaza forodhani.

Maandalizi yanayofaa zaidi hufanyika kabla ya kupanda ndege: kupakua programu zote mbili, kusajili pasipoti na kadi, na kuiarifu benki kuhusu safari. WeChat mara nyingi hudai mtumiaji wa zamani amthibitishe mgeni, na ni rahisi kumpata mtu huyo Kariakoo au Nairobi kuliko usiku wa manane uwanja wa ndege wa Guangzhou.