Aliyelazimishwa Anasamehewa Lini?

Mshtakiwa anapomwambia hakimu, "Nililazimishwa," anatoa utetezi unaotambuliwa na sheria, lakini haujakamilika. Kulazimishwa kuna sura kadhaa, na kila sura ina kipimo chake.

Tuanze na jinai. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinaweka masharti. Kosa liwe limetendwa na watu wawili au zaidi. Tishio litoke kwa mkosaji mwenza, tena liwe la kumuua au kumjeruhi vibaya papo hapo. Mwisho, lidumu muda wote wa tendo. Tishio la madhara ya baadaye halimwondolei mtu hatia. Dereva aliyewabeba wezi akiwa ameshikiwa panga shingoni safari nzima ana la kujitetea. Aliyeambiwa kwamba nyumba yake itachomwa wiki ijayo hana.

Sura ya pili ni ya mikataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari. Humo shuruti inachukua eneo pana zaidi: ni kutenda au kutishia kutenda jambo linalokatazwa na Kanuni ya Adhabu, au kuzuia mali isivyo halali, ili mtu akubali mkataba. Ukizuiliwa pikipiki yako isivyo halali mpaka utie saini, umeshurutishwa, ingawa hakuna aliyetaja kifo. Hata hivyo mkataba haufi wenyewe. Wewe ndiwe mwenye uamuzi wa kuutengua au kuuacha usimame.

Sura ya tatu haina mtishaji; shinikizo linatoka ndani ya mtu mwenyewe. Kuna maradhi ya akili ambayo wazo humrudia mtu asipende, mathalani kwamba mikono yake imejaa vijidudu. Ananawa, hofu inatulia kidogo, kisha inarudi. Ananawa tena hadi ngozi inachubuka, huku akijua mikono ni safi. Huyu anahitaji tiba ya mazungumzo, dawa, au vyote viwili, wala kumkemea hakumsaidii.

Turudi kwenye sura mbili za kisheria: kwa nini jinai inabana pale mikataba inapolegeza? Mkataba ukitenguliwa, anayepoteza ni yule aliyetisha. Mkosaji akisamehewa, gharama inamwangukia aliyeibiwa au kuumizwa, ambaye hakumtisha mtu. Kwa sababu hiyo, wembamba wa kifungu cha 17 ni wa haki, na anayekitegemea hana budi kueleza nani alimtisha, kwa tishio gani, na kwa muda gani.