Mabingwa wa Kutunisha Misuli: Mwili Hujengwaje?

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, ambamo gari haliwezi kupita, mizigo huchukuliwa kwa nguvu za watu. Mchukuzi, ambaye huko huitwa hamali, hubeba gunia la kilo 50 begani, au husukuma mkokoteni uliojaa kutoka upande wa bandari ya Malindi hadi Darajani, na hurudia kazi hiyo mara nyingi kwa siku. Hata hivyo, hamali huyo aghalabu ni mwembamba. Bingwa wa kutunisha misuli, ambaye hunyanyua vyuma kwa saa chache tu, ana kifua kipana na mikono iliyojaa. Mwanafunzi anayeitazama picha ya bingwa huyo ana haki ya kuuliza: ikiwa kubeba mizigo ndiko kunakojenga mwili, kwa nini hamali naye asiwe bingwa?

Jibu la swali hili limo katika elimu ya viumbe, na historia ya mabingwa wenyewe huliunga mkono.

Msuli hukua vipi?

Msuli ni fungu la nyuzi nyembamba. Ndani ya kila uzi mna protini mbili, aktini na miosini, ambazo huvutana na kuteleza moja kando ya nyingine. Kwa njia hiyo msuli hufupika na kuuvuta mfupa. Mtu afanyapo mazoezi, idadi ya nyuzi zake haibadiliki sana; kinachobadilika ni unene wa kila uzi. Ili nyuzi zinenepe, mambo matatu yanahitajika.

Kwanza ni mzigo unaozidi kuongezeka. Wayunani wa kale walisimulia habari za mpiga mieleka Milo wa Croton, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Hata ikiwa ni hadithi tu, kanuni yake ni sahihi: msuli huongezeka pale unapodaiwa kazi kubwa kuliko ile uliyoizoea.

Pili ni chakula chenye protini. Wataalamu hukadiria kwamba anayefanya mazoezi ya vyuma hunufaika kwa kula gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kijana wa kilo 60, hizo ni gramu 96. Samaki, dagaa, mayai, kunde na choroko, vyakula vinavyouzwa katika masoko ya Unguja, vyaweza kumpatia kiasi hicho.

Tatu ni mapumziko. Msuli haukui wakati wa kunyanyua. Hukua baadaye, katika muda wa saa 24 hadi 48, mwili unapojenga protini mpya.

Sasa hali ya hamali yaeleweka. Gunia lake la leo ndilo lile la mwakani. Mwili ukishalizoea, huzidisha ustahimilivu badala ya unene. Kazi ya kutwa huteketeza chakula kingi, na kesho yake hana budi kurudi kazini. Si kwamba hamali ni dhaifu. Mwili wake umejengeka kwa kadiri ya kazi anayoifanya.

Mafunzo kutoka kwa mabingwa

Mashindano makubwa ya kwanza ya umbo la mwili yalifanywa na Eugen Sandow mjini London, tarehe 14 Septemba 1901. Washindani 60 walifika fainali, na miongoni mwa waamuzi alikuwamo mwandishi Arthur Conan Doyle. Sandow hakutaka misuli mikubwa tu. Waamuzi walitazama pia ulinganifu wa viungo, afya na hali ya ngozi. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham.

Mnamo 1946 ndugu wawili wa Kanada, Joe na Ben Weider, waliunda shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Mwaka 1948, mjini London, taji la mwenye umbo bora duniani lilichukuliwa na John Grimek wa Marekani, ambaye mwaka 1936 alishindana katika kunyanyua vitu vizito kwenye Olimpiki ya Berlin. Nguvu na umbo vilikuwa bado vinakwenda pamoja.

Mwaka 1952 taji la kundi la wafupi lilikwenda ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, kwa Manohar Aich wa India. Kimo chake kilikuwa sentimita 150 tu. Kabla ya hapo wakoloni walimfunga kwa kuwapinga, naye akaendeleza mazoezi yake gerezani. Alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 104.

Mwaka 1968, huko Miami, Frank Zane, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alimshinda Arnold Schwarzenegger aliyemzidi sana kwa uzito. Waamuzi walipendelea ulinganifu. Na mwaka 2012, nchini Kuwait, taji la ridhaa lilichukuliwa na Mamdouh Elssbiay wa Misri, aliyekwenda huko kufanya kazi ya uvuvi. Ujenzi wa mwili wake ulifanyika katika chumba cha mazoezi.

Hatari ya njia ya mkato

Kuanzia 1958, dawa za steroidi zinazofanana na homoni ya kiume zilianza kuenea miongoni mwa wanyanyua vyuma. Kweli, dawa hizo huongeza misuli, lakini hudhuru moyo na ini, na hudhoofisha korodani. Kwa kijana ambaye hajamaliza kukua, huweza kufunga mapema sehemu za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu, na kimo chake kikakoma hapo. Kamati ya Olimpiki ilianza kupima dawa hizi katika michezo ya Montreal ya 1976. Picha haimwonyeshi mtazamaji kilichomo katika damu. Kwa hiyo picha si kipimo cha kujilinganishia.

Jaribio la darasani

Chini ya uangalizi wa mwalimu, wanafunzi waweza kutia mchanga katika mifuko, kila mmoja akaanza na uzito anaoweza kuunyanyua mara kumi bila kujikamua. Wafanye hivyo siku tatu kwa wiki, wakiongeza mchanga kidogo kidogo, na kila Jumamosi wapime mzunguko wa mkono kwa utepe. Katika wiki za mwanzo wataona kwamba uzito wanaoumudu unapanda, ilhali utepe unasoma vile vile. Sababu ni kwamba mishipa ya fahamu hujifunza kuutumia msuli kabla msuli wenyewe haujanenepa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa au hutafuta dawa, na kumbe mwili umekwisha kuianza kazi yake.