Kalamu Ughaibuni na Kangomba ya Maneno

Mtu wa Chiwata, mkoani Mtwara, hahitaji kufunzwa maana ya kangomba. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule, au na ugonjwa uliomvamia nyumbani kabla ya msimu, humwendea mnunuzi wa kificho akamwachia korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa, na ufikapo Oktoba, minada ya vyama vya ushirika inapofunguliwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani na bei kusomwa mbele ya kadamnasi, yeye huwa mtazamaji tu wa mali iliyokuwa yake. Naanza na korosho, ilhali nakusudia kuzungumza juu ya waandishi wa safari wanaojitegemea katika nchi za watu, kwa sababu sijaona mfano ulio karibu zaidi na amali yao.

Mwandishi wa namna hiyo hana mshahara wala pensheni. Humpelekea mhariri pendekezo, na likikubaliwa huandika, kisha hulipwa kwa hesabu ya maneno au kwa makala yote, aghalabu baada ya kuchapishwa wala si baada ya kukabidhi, hata nauli na malazi aliyoyalipa Machi huenda yakamrudia Septemba, tena yamekwisha kumegwa na ada ya benki na tofauti ya sarafu. Hoteli na mashirika ya ndege huwa tayari kumkaribisha bure, lakini ukarimu huo una sharti lake lisiloandikwa, nalo ni sifa. Fauka ya hayo, viza ya utalii haimpi mgeni ruhusa ya kufanya kazi, na wengi katika kundi hili huishi kwa kuhesabu siku zilizobaki.

Faida ya kukaa ughaibuni ni kwamba mhariri hamlipii tiketi mtu aliyekwisha kuwapo mahali penyewe, na mkaazi huyajua ya msimu na ya usiku ambayo mpita njia hayaoni. Walakini hesabu haiendi sawa kwa wote. Mzungu anayeishi Mtwara na kuuza makala London hupokea pauni akatumia shilingi, na akiandika habari za Shimo la Mungu pale Newala, mahali ambapo jicho hushuka hadi bonde la Ruvuma, mwezi wake umekwisha kulipika. Mmakonde anayeishi London na kuuza makala Dar es Salaam hupokea shilingi akatumia pauni. Kazi ni ile ile na jasho ni lile lile, ila mmoja hupanda ngazi na mwingine huishuka.

Uwanda wetu wa Makonde umekwisha kuwa bidhaa ya kalamu za wageni tangu zamani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akakaa Newala na Mahuta akinasa nyimbo kwa mashine ya sauti, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari hiyo. Huyo lakini alikuwa mtu wa serikali, na gharama zake zilibebwa. Wenzetu waliokwenda upande wa pili hawakuwa na bahati hiyo. Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaisimulia safari kwa Kiswahili chenye macho makali, nayo ikatoka mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu ambacho jina lililoko nje ni la Carl Velten, mkusanyaji, na wasafiri wakabaki ndani.

Katika zama zetu aliyeijua kazi hii kwa undani ni Binyavanga Wainaina wa Nakuru, aliyekwenda Afrika ya Kusini mwaka 1991 kusoma biashara, akaishia Cape Town akijipatia riziki kwa makala ya chakula na safari. Masimulizi yake ya kurudi nyumbani na kwenda Uganda kwa ndugu za mama yake yalimpatia Tuzo ya Caine mwaka 2002, na mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? Nairobi. Nadhani ushindi wake mkubwa haukuwa tuzo bali ni kule kujipatia jarida, yaani ghala lake mwenyewe. Aliandika kwa Kiingereza, na hilo halishangazi, maana soko la Kiswahili huko nje, tangu BBC ilipoanza matangazo mwaka 1957 na Deutsche Welle mwaka 1963, limekuwa la redio zaidi kuliko la karatasi, na redio hununua habari ya leo kuliko safari ya mwezi mzima.

Kangomba yenyewe imo ndani ya mkataba, katika kile kifungu kifupi kinachomtaka mwandishi aachie haki zote kwa malipo ya mara moja. Akitia sahihi, makala yaweza kuchapishwa tena, kutafsiriwa, kuingizwa katika kitabu cha mwongozo wa watalii, naye asipate hata senti. Mwenye njaa hutia sahihi; simlaumu, kama nisivyomlaumu mkulima.

Nawaomba basi wahariri wa magazeti ya Kiswahili, wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, watangaze hadharani kima wanacholipa kwa makala ya safari na haki wanazozichukua, kama bei ya korosho inavyosomwa mnadani.