Je, Wajua? Mtafiti wa maasi aliyehamia Kisangani

Waasi wa Simba nchini Kongo walipoiteka Stanleyville (ndiyo Kisangani) Agosti 1964, wageni wengi waliwaona washenzi wenye hirizi, basi. Mbelgiji Benoît Verhaegen, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Lovanium, akakusanya nyaraka za waasi wenyewe: barua, amri, matangazo. Matokeo yake ni *Rébellions au Congo*, juzuu 2 nene, 1966 na 1969. Ya pili ni kuhusu eneo la Maniema tu. Kuandika tukio lingali moto, na walioshiriki wakihojiwa, alikuita historia ya papo hapo. Baadaye akafanya kazi Kisangani kwenyewe, katika kituo cha utafiti cha CRIDE. Kitabu alichosimamia mwaka 1990, ambacho mimi nakipenda zaidi, kinahusu wanawake wa mji huo na mahangaiko yao ya kutafuta riziki.