Gift (neno)

Gift ni neno la Kiingereza ambalo maana yake ya kawaida ni zawadi, yaani kitu anachopewa mtu bila kukilipia. Linatumika pia kwa kipaji cha kuzaliwa nacho na, katika sheria, kwa mali iliyotolewa bure, ambayo kwa Kiswahili huitwa hiba.

Asili

Neno linatokana na mzizi uleule wa Kigermanik uliozaa kitenzi "give" (kutoa, kupa). Kiingereza cha Kale kilikuwa na neno "gift", lakini herufi g ilitamkwa kama y ya "yai", na maana yake ilikuwa mali anayotoa mwanamume ili aoe, karibu na mahari yetu. Wingi wake ulimaanisha arusi. Kama neno hilo lingeendelea lenyewe, Waingereza wa leo wangesema "yift". Ndivyo alivyoandika mshairi Geoffrey Chaucer katika karne ya 14. Matamshi yenye g yaliingia kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, iliyoletwa na Waviking waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9.

Arusi na sumu

Katika lugha ndugu neno limechukua njia nyingine, na hapa mfasiri anapaswa kuwa macho. Kwa Kijerumani "Gift" ni sumu. Chupa yenye maandishi hayo haifai kufunguliwa kwa furaha! Maana ya zamani imebaki katika "Mitgift", mali ambayo bibi arusi huenda nayo kwa mumewe. Kwa Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe, "gift" ni sumu na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa, jambo ambalo wenyewe hulifanyia utani sana. Waholanzi wametenganisha: "gift" ni zawadi, "gif" ni sumu.

Zawadi iligeukaje sumu? Chanzo ni lugha ya waganga. Kwa Kigiriki "dosis" ni tendo la kutoa, kisha kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa. Ndiyo asili ya neno "dozi". Wajerumani walitafsiri wazo hilo kwa neno lao la "kitu kilichotolewa", wakalitumia kama tafsida ya kitu kinachoua. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss aliandika makala fupi kuhusu maana hizo mbili mwaka 1924. Katika kazi yake kubwa iliyofuata alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi humfunga anayeipokea, kwa kuwa analazimika kurudisha.

Kwa Kiswahili

Neno zawadi lina asili ya Kiarabu, kutoka mzizi unaohusu masurufu ya safari. Hata hivyo si kila "gift" ni zawadi. "Gifts" zinazotajwa katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, ni karama katika Biblia ya Kiswahili. Mtoto anayeitwa "gifted" ana kipaji au kipawa, maneno yanayotokana na kitenzi "kupa", sawa kabisa na "gift" kutokana na "give", ingawa lugha hizi mbili hazina undugu.

Gift ni pia jina la watu, wanaume kwa wanawake, hasa katika nchi za Afrika kama Malawi, Zambia, Zimbabwe na Nigeria. Majina ya Kiswahili yanayolingana nalo ni Zawadi na Tunu.