Je, Wajua? Hesabu Iliyo Ndani ya Mkeka

• Tanzania Bara, kubeti ni halali chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi.

• Huko Marekani, jimbo dogo la Delaware liliruhusu kubeti mechi moja moja Juni 5, 2018, wiki tatu baada ya Mahakama ya Juu kufuta sheria ya mwaka 1992 iliyozuia hilo. Umri wa chini huko ni miaka 21.

• Tuseme kijana wa Ukonga ameweka mkeka (tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja) wa mechi 5, kila moja nusu kwa nusu, kwa odi ya 1.90. Kwa shilingi 1,000 anaahidiwa takriban 24,760. Lakini kwa wastani, kati ya mikeka 32 ya aina hiyo hutiki mmoja tu, hivyo malipo ya haki yangekuwa 32,000. Tofauti hiyo ni faida ya kampuni, na kila mechi unayoongeza huikuza.

Pesa ya kodi, nauli au ada ya mtoto isiingie kabisa kwenye mkeka.