Ngano inapogeuka adui wa mtoto nyumbani

KWA watoto wengi, chapati ni neema. Kwa mtoto mwenye maradhi ya siliaki, ni chanzo cha mateso.

Maradhi haya huufanya mwili ujidhuru wenyewe kila unapopokea gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Utumbo mwembamba huharibika na kushindwa kufyonza virutubishi. Mtoto huharisha, tumbo hufura, naye hukonda na kudumaa.

Katika tasnifu yake ya mwaka wa 1950, daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alionyesha kuwa wagonjwa hao hupata nafuu ngano inapoondolewa. Hadi leo hakuna dawa ya kuyaponya. Tiba ni kuepuka gluteni maishani.

Afueni ni kwamba mahindi, mtama, wimbi, mchele, mihogo na maharagwe havina gluteni. Hatari imo katika kuchanganya: unga wa uji uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, au viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya mandazi. Ndiyo maana familia nyingi huamua wote wale chakula kimoja, mtoto asijione ametengwa.

Hata hivyo, mzazi anayeshuku maradhi haya asiharakishe kuondoa ngano. Mtoto akiacha kuila kabla ya kupimwa damu, matokeo yanaweza kupotosha. Ndugu zake nao wapimwe, kwani maradhi haya huandama ukoo.